Dakika Arobaini za Mlango wa Chumvi

Saa mbili na nusu asubuhi kompyuta ya Zamda ilikuwa juu ya meza ya jukwaani. Saa tatu haikuwepo.

Kitambaa cheupe cha meza hakikuwa na hata kunjo moja. Waya wa chaji ulikuwa bado umechomekwa ukutani, ncha yake inaning'inia hewani. Viti vilikuwa vimepangwa, mabango yamefungwa, spika zimejaribiwa. Kitu kilichowakusanya watu wote pale Kibiti siku ile ndicho kilichokosekana.

Inspekta Honorata alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, hagusi kitu. Miaka mitatu aliyokaa Kibiti ameshapeleleza wizi wa pikipiki, wa korosho, na mara moja wa mbuzi aliyekuwa mahari. Wizi wa kompyuta si mgeni kwake. Lakini huyu binti aliyekaa kwenye ngazi ya jukwaa alikuwa anasema kilichoibiwa si kompyuta, ni msimbo.

"Hebu nieleweshe, mwanangu," alisema. "Msimbo ndiyo nini?"

Zamda alikuwa na miaka ishirini na mbili. Hakuwa amelia. Alikuwa ametulia utulivu wa mtu anayejua kwamba akianza kulia hatanyamaza.

"Afande, ile programu ya maji unayo kwenye simu?"

"Ninayo. Koplo Haidari aliniwekea."

"Basi hicho ni chakula kilichoiva. Msimbo ni mapishi yake. Chakula watu wote wanacho. Mapishi yalikuwa humo peke yake."

Programu ile kila mtu wa delta aliijua. Unachagua mlango wa mto, inakuambia leo maji yatajaa saa ngapi kiasi cha boti kupita. Manesi waliitumia, wavuvi waliitumia, wachuuzi wa kamba waliitumia. Zamda wa kijiji cha Mfurumo, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeiandika. Alianza na simu yenye kioo kilichopasuka, amepanda juu ya tangi la maji la zahanati, maana hapo tu ndipo mtandao ulipokamata. Miaka mitatu.

"Hukuweka nakala pengine?"

"Mtandao wa kwetu, afande, hauwezi kubeba hata picha ya paka. Nilikuja nayo Kibiti ili leo ndiyo ipande."

Kijana mmoja mwenye shati la nembo alisogea, jasho linamtiririka. Huyo aliitwa Deusdedit, mtu wa kampuni ya Nyuzi, ile kampuni kubwa ya programu.

"Saa nane kamili tunafungua Jamvi," alisema. "Wakubwa wote watakuwa wanatazama."

"Jamvi gani?"

"Ni tovuti, afande. Waandishi wa programu wanaweka msimbo wao pale, wazi. Mwenzako anausoma, anauazima, anakusahihisha. Programu ya kwanza kuwekwa itabaki namba moja siku zote. Tuliichagua ya Zamda, ndiyo maana uzinduzi tumeuleta huku."

"Na ikikosekana?"

"Ipo ya akiba. Ya jamaa wa Dar es Salaam. Inahesabu kalori."

"Kalori za nini?" aliuliza Koplo Haidari, aliyekuwa anapima mlango kwa kamba.

"Za chakula."

"Huku tunahesabu sahani."

Honorata hakucheka, ila mdomo ulitaka. "Huyo wa kalori yuko wapi sasa?"

"Nimempigia kwa video. Yuko kwa kinyozi, Sinza. Nusu ya kichwa imeshanyolewa."

Mshukiwa wa kwanza akafutika hapo hapo, na nusu ya nywele zake.

"Tuchukue alama za vidole, afande?" aliuliza Haidari.

"Chukua. Majibu yatakaporudi kutoka maabara, ukumbi huu utakuwa umeshapakwa rangi mpya. Sisi tutumie macho."

Aliinama kuitazama chaji. Mwizi wa kuuza angeichomoa kwanza, maana kompyuta isiyo na chaji bei yake inaanguka. Huyu ameiacha. Ina maana hakuwa na nia ya kuiwasha wala kuiuza.

Kabla hajanyanyuka, mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo. Alikuwa mama lishe aliyepewa kazi ya pilau, Bi Sijaona, mwiko mkononi.

"Na mchele wangu je? Au polisi wa leo ni wa kompyuta tu?"

"Mchele gani, mama?"

"Ndoo yangu, yenye mfuniko. Kilo sita ndani, nimeshauchagua mawe kwa macho haya. Nimetoka kutazama ngoma ilipoingia, kurudi, ndoo hakuna. Na nailoni yangu ya kufunikia nyama nayo imekwenda."

Honorata alimgeukia Haidari. Haidari alikuwa ameacha kupima mlango, anatabasamu peke yake.

"Sema, Koplo."

"Afande wewe ni mtu wa milimani, utanisamehe. Sisi kwetu delta, kitu cha umeme kikisafiri kwa boti hakibebwi mkononi. Kinafungwa nailoni, kinafukiwa kwenye mchele, ndoo inafungwa mfuniko. Boti hata ikilala ubavu, redio inatoka inaimba. Simu ya mama yangu imevuka hivyo mara ngapi sijui."

"Kwa hiyo mwizi ni mtu wa delta."

"Tena anarudi delta leo."

"Tena anaipenda hiyo kompyuta," alisema Honorata polepole. "Mwizi gani anaiba mchele ili kilichoibiwa kisilowe?"

Alimwita mlinzi wa ukumbi. Mzee Mshamu alikuja na funguo zake shingoni, amesimama wima kama anaapishwa.

"Ngoma ilipoingia ulikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni, afande."

"Nani aliingia humu?"

"Hakuingia mgeni."

"Sikukuuliza mgeni. Nimeuliza nani."

Mshamu alizichezea funguo. "Waliingia wenyewe tu."

"Wenyewe akina nani?"

"Watu wa mabango. Mpiga zumari, alitaka maji ya kunywa. Na shangazi yake binti, lakini huyo ni mwenyewe, huwezi kumhesabu."

"Alitoka na nini?"

"Ndoo. Nilimpokea nikamsaidia hadi kwenye bodaboda. Nikasema, nahodha, mzigo mzito. Akasema, mchele wa watu. Sasa mtu akikwambia mchele wa watu utamwuliza nini tena?"

Zamda alisimama kwenye ngazi. "Shangazi Mwanabaraka ameniambia anakwenda kununua vitumbua."

"Saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

Bi Mwanabaraka alikuwa nahodha wa boti ya zahanati ya Mfurumo, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa boti ya abiria upande ule wa delta. Miaka kumi na miwili manahodha wanaume walimtania, naye miaka kumi na miwili aliwafikisha wagonjwa. Hesabu ya maji iliyokuwa ndani ya programu ilitoka kichwani kwake.

"Afande, haiwezekani," alisema Zamda. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Kila nilipokata tamaa yeye ndiye aliyeniwashia taa."

"Ndiyo maana nataka kumwuliza," alisema Honorata. "Panda gari."

Saa nne walikuwa barabarani. Haidari aliendesha, Zamda nyuma, Honorata mbele ameishika simu yake kama ameshika yai. Aliifungua programu, akachagua Mlango wa Chumvi, ule unaoanzia diko la boti za Mfurumo.

"Inasema maji yatatosha saa tano na dakika kumi."

"Tutawahi," alisema Haidari.

Hawakuwahi. Kabla ya Ruaruke lori la magogo lilikuwa limezama tope katikati ya njia, na kila mtu aliyeshuka kusaidia alikuja na ushauri wake. Walifika diko saa tano na nusu. Honorata alishuka akiwa ameshajiandaa kutazama mkondo mtupu.

Boti ya zahanati ilikuwepo. Imelala juu ya tope, imeinama kidogo upande mmoja. Na katikati ya boti, amekaa juu ya ndoo yenye mfuniko, alikuwepo Bi Mwanabaraka.

Honorata hakumwendea. Alitazama saa. Akatazama simu. Akatazama tope. Dakika ishirini zimeshapita tangu programu iseme boti inaelea, na kaa walikuwa bado wanatembea chini ya boti.

"Zamda, programu yako inaweza kukosea?"

"Dakika mbili tatu, afande. Upepo ukivuma."

"Hizi ni ishirini na bado."

Pembeni, chini ya kibanda cha makuti, fundi alikuwa amefungua injini ya boti nyingine vipande vipande. Mudathiri, fundi injini wa diko zima. Honorata alivuta debe, akakaa.

"Hii inaumwa nini, fundi?"

"Haiumwi."

"Sasa umeifungua ya nini?"

"Nimeletewa. Nahodha kasema imemzimikia njiani akachelewa na abiria. Nimeifungua, nzima. Nitaifunga, nitamwambia nimebadilisha plagi, atashukuru."

"Na ya boti ya zahanati?"

"Ile nimeifungua mara tatu tangu mfungo. Mara tatu sijaona ugonjwa. Mpaka mke wangu ananiambia labda mimi ndiye niliyeharibika."

"Ilizimika mara ya kwanza wapi?"

"Hapo hapo Mlango wa Chumvi. Alikuwa na nesi, sanduku la chanjo na jogoo wa mwalimu. Wamekaa kama dakika arobaini mpaka maji yakawanyanyua. Kasema injini."

"Nahodha wenu akikwama kwenye mchanga husema nini?"

Mudathiri aliweka spana chini. Haidari aligeuka akaangalia mbali. Mtu wa delta ameulizwa mbele ya mgeni swali ambalo halijawahi kuulizwa.

"Nahodha hakwami, afande," alisema Mudathiri mwishowe. "Huzimikiwa na injini."

"Hata siku moja hakwami?"

"Mimi ni fundi. Kama wangekuwa wanakwama ningekuwa sina kazi."

Honorata aliinuka, akavua viatu vya polisi, akakunja suruali na kuingia topeni. Hajui kuogelea, na hata tope lililofika kwenye muundi lilimtisha. Alipanda boti kwa kushikwa mkono na mtuhumiwa mwenyewe.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, afande. Kaa upande huu, huko kuna mafuta."

Zamda alipanda nyuma yake, hakusalimia.

"Maji yanaingia saa ngapi?" aliuliza Honorata.

"Bado kidogo."

"Programu inasema saa tano na dakika kumi."

"Bado kidogo," alirudia Bi Mwanabaraka.

"Saa tano na dakika hamsini?"

Bi Mwanabaraka alimtazama. Uso wake ulikuwa mpana, wa jua na chumvi, na kwa mara ya kwanza ulikuwa hauna pa kwenda.

"Hamsini na moja," alisema.

"Ulijua lini?"

"Baada ya mafuriko. Mto umesogeza fungu la mchanga. Zamani hapa maji yalikuwa yanapita moja kwa moja, sasa yanazunguka kwanza. Dakika arobaini. Mimi sikujua mpaka nilipopanda mchanga na nesi ndani."

"Na ukasema injini."

"Ningesema nini? Wale wanaume wa diko wananisubiri miaka kumi na miwili niseme nimekwama. Nimesema injini. Ya pili na ya tatu nikasema injini. Kisha nikajifunza, nikawa nasubiri, basi."

"Nina wajibu wa kukuonya kwamba utakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi."

"Yatumie. Nimechoka kuyakalia." Aliipiga ndoo kwa kiganja. "Juzi huyu kijana wa kampuni alitueleza. Msimbo ukishapanda, watu wa dunia nzima watausoma mstari kwa mstari. Zamda akanionyesha, kwa furaha. Ameandika humo: hesabu ya Mlango wa Chumvi nimefundishwa na nahodha Mwanabaraka. Jina langu, afande, na chini yake uongo. Nikaona wanavyosoma huko Ulaya. Nikaona wanavyosoma hapa dikoni, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Kwa hiyo ukaamua kumwibia mtoto wa kaka yako."

"Nilitaka leo ipite tu. Kesho ningemwambia tukiwa wawili, arekebishe, kisha aipeleke. Sikujua kwamba namba moja haingojei."

Zamda alikuwa anaangalia maji, ambayo sasa yalianza kuingia kimyakimya chini ya boti.

"Shangazi, miezi yote hiyo," alisema. "Manesi wanaitegemea. Kama angekuwemo mama mwenye uchungu?"

"Najua."

"Ungeniambia."

"Wewe ndiye mtu mmoja ambaye kila ninalosema unaliandika. Nilishindwa kukwambia nimekosea."

Honorata, aliyezoea kwamba baada ya maungamo kinafuata kilio au ngumi, alijiandaa kwa vyote viwili.

Zamda akavuta pumzi. "Ni arobaini kamili," aliuliza, "au arobaini na ngapi? Na wakati wa bamvua, maji yakiwa makubwa, ni hiyohiyo?"

Bi Mwanabaraka alifumba macho, na machozi yakatoka palepale alipoanza kucheka. "Bamvua ni thelathini na tano. Mwanangu wewe."

Walirudi Kibiti watu watano katika gari la watu wanne, maana Mudathiri aliposikia habari alisema lazima awepo. Ndoo ilikaa mapajani mwa nahodha. Zamda aliifukua kompyuta, akaipangusa, akaiwasha, ikawaka.

"Naweza kurekebisha sasa hivi," alisema. "Kabla haijapanda. Hakuna atakayejua ilikuwa na kosa."

Mudathiri alikohoa. Walipita Ruaruke, lori limeshanasuliwa, na Bi Mwanabaraka bado anaangalia nje.

"Zamda," alisema. "Humo kuna milango mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wangu ni mmoja. Hiyo kumi umefundishwa na manahodha wengine. Unadhani mafuriko yalisogeza fungu langu peke yake?"

Zamda aliacha kuandika.

"Usirekebishe," alisema shangazi yake. "Ipandishe ilivyo, na jina langu. Halafu unipe kipaza sauti."

Saa nane kasoro dakika tano Deusdedit aliwaona wakiingia ukumbini na tope hadi magotini, akakaa chini kwanza. Bi Sijaona alinyakua ndoo yake, akachungulia ndani, akasema mchele uko salama ila pilau sasa italiwa alasiri, na atakayelalamika ampelekee malalamiko nahodha.

Honorata alimvuta Zamda pembeni.

"Wewe ndiye mlalamikaji. Jalada linangoja neno lako."

"Afande, kompyuta si hii hapa? Na msimbo umo. Sijaibiwa kitu."

"Nitaandika ilipatikana mikononi mwa ndugu, mlalamikaji ameridhika."

"Andika mikononi mwa mwalimu wake."

Saa nane kamili Zamda alibonyeza. Kwenye ukuta mweupe ukatokea ukurasa wa Jamvi, na juu kabisa namba moja: Maji ya Delta, imeandikwa na Zamda, Mfurumo. Zumari ilipulizwa. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la darini likaanguka.

Kisha Bi Mwanabaraka akashika kipaza sauti. Manahodha wanaume walikuwa mstari wa mbele, wamevaa kanzu za Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

"Mlango wa Chumvi," alisema, "umeandikwa vibaya, na nimeufundisha mimi. Tangu mafuriko ongezeni dakika arobaini. Mara tatu nilisema injini. Haikuwa injini. Nilikwama mchangani kama gogo. Fundi Mudathiri, nisamehe."

Zamda aliandika akiwa amesimama. Ukutani, chini ya namba moja, watu wote wakaona mstari mpya ukitokea: sahihisho la kwanza, na jina la aliyelitoa, Nahodha Mwanabaraka.

Hakuna aliyecheka. Honorata aliutazama mstari wa mbele, maana alikuwa amejifunza kuangalia mikono kuliko nyuso. Mikono ya manahodha ilikuwa inahangaika. Mmoja alikuwa anakunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja.

Huyo ndiye aliyesimama. Mtoro, mkubwa wao, mtu aliyewahi kusema hadharani kwamba usukani haujatengenezewa ushungi.

"Mlango wa Kaa," alisema kwa sauti ndogo. Akakohoa, akaiongeza. "Mlango wa Kaa nao, mwanangu. Ongeza dakika ishirini na tano."

"Na injini yako niliyoifungua Alhamisi?" aliuliza Mudathiri kutoka nyuma.

"Nzima," alisema Mtoro.

Ukumbi uliangua kicheko kilichoanzia kwa manesi na kuishia jikoni. Mtoro mwenyewe alicheka, akifuta macho kwa ile kofia. Kabla kicheko hakijaisha, manahodha wengine walikuwa wameshasimama, wanasukumana kwa adabu kuelekea jukwaani, kila mmoja anataka wa kwake uingie kabla ya wa mwenzake.

"Polepole, wazee wangu," Zamda aliomba. "Vidole ni kumi tu."

Honorata alitoa daftari la polisi mfukoni, akavuta meza ndogo, akakaa pembeni ya jukwaa na kuigonga kwa kalamu.

"Waliobaki, foleni huku. Mmoja mmoja."

Wakajipanga.

"Jina?"

"Abdulkarimu, afande."

"Mlango?"

"Wa Mikoko Mirefu."

"Kosa?"

Nahodha Abdulkarimu alivua kofia, akatazama nyuma kama wenzake wanasikia, akaona wote wanasikia, akanyoosha mgongo.

"Dakika kumi na nane," alisema. "Na nilijua."

Inspekta akaandika, akampa daftari asome mwenyewe kama ni sawa, kisha akamwita anayefuata.